Jicho la Fundi Yowasi

Mwezi wa tatu mwaka 2015, kwaya ya kanisa moja pale Bwera, mji wa mpakani, ilipokea majoho mapya ishirini na mawili. Ishirini na moja yalikuwa mazuri. La ishirini na mbili lilikuwa na mikono miwili ya kushoto. Mwimbaji wa besi aliyeangukiwa na joho hilo alikuwa mtu mpole. Aliimba ibada nzima bega moja likiwa juu, kama mtu anayebana simu sikioni, na hakulalamika hata kidogo, maana aliyelishona ni Mzee Yowasi, na Mzee Yowasi ndiye aliyemshonea kaptula yake ya kwanza ya shule.

Watu walicheka, lakini wakiwa wamefika nyumbani kwao. Mbele ya fundi hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuumiza. Fundi akianza kuonewa huruma, ujue mambo yameharibika.

Habari yenyewe ni hii. Jicho la kushoto la Yowasi lilikufa utotoni kwa surua. La kulia liliingia mtoto wa jicho, na miaka ishirini nyuma daktari alimpasua kwa mtindo wa zamani: akatoa kile kilichoingia ukungu ndani ya jicho, asiweke kitu mahali pake. Badala yake Yowasi alipewa miwani yenye lenzi nene kama kitako cha chupa ya soda. Kwa lenzi hiyo moja alishona Bwera nzima, mabibi harusi na marehemu. Kisha siku moja ya mwezi wa kwanza aliivua miwani akaiweka juu ya meza ya kupigia pasi, akageuka kumjibu mtu salamu, akaichukua pasi ya makaa na kuitua juu ya miwani yake mwenyewe. Lenzi ikalia pa! Fundi akabaki anaiona dunia kama inavyoonekana kupitia mvuke wa sufuria.

Duka la miwani la Kampala lilisema namba ya lenzi hiyo haiko rafuni, iagizwe ng'ambo, miezi miwili au mitatu. Yowasi akasema atangoja, na akiwa anangoja atashona. "Mikono yangu inajua njia," alisema. Mikono ilijua njia mpaka kwenye joho la ishirini na mbili. Wiki iliyofuata sindano ilipita katikati ya ukucha wa kidole chake.

Hapo ndipo Niwagaba, kifungua mimba wake, mfanyabiashara wa pale mpakani, alipochoka kuogopa. Akampata mnunuzi wa cherehani, Kataliko wa Kasindi ng'ambo ya mpaka, atakayekuja kuichukua Ijumaa, siku ya soko. Akampigia simu dada yake Kellen huko Kasese.

"Baba atahamia kwangu. Atakaa, atakula, atapumzika."

Nyuma ya simu Kellen akasikia sauti ya baba yake: "Mwambie mimi si gunia la kahawa la kuwekwa pembeni!"

"Kaka, Ijumaa usimpe mtu cherehani kabla mimi sijafika," Kellen alisema. "Nitaleta jicho."

"Jicho? Umesomea udaktari lini, wewe?"

"Sijasoma. Nakanyaga."

Na kweli alikuwa akikanyaga. Kiwanda cha madini alichofanyia kazi maabarani kilipofunga milango, Kellen alizunguka Kasese akiuza soksi, halafu nyanya, halafu soksi tena, hadi alipofika kwenye karakana moja katika divisheni ya Nyamwamba, nyuma ya duka la misumari. Mwenyewe alikuwa Lanyero, mama wa Kiacholi, sajini mstaafu, aliyemaliza miaka yake ya jeshi kwenye chumba cha kutengenezea darubini. Sasa alisaga lenzi: za miwani, za kukuzia maandishi, hata za darubini za wale wanaowapeleka wageni kuangalia tembo. Meza yake ya kusagia ilikuwa imejengwa juu ya miguu ya cherehani kuukuu; unakanyaga chini, bakuli la chuma linazunguka juu. Vijana watano walishajaribu, wakakanyaga kama wanaokimbia mbwa. Kellen alikaa, akaweka miguu, bakuli likazunguka taratibu bila kushtuka.

"Wewe umefundishwa na nani?" Lanyero aliuliza siku hiyo.

"Mimi nilizaliwa chini ya cherehani, afande."

Akaajiriwa papo hapo.

Miezi kumi na minne ilikuwa imepita tangu siku hiyo, na hajawahi kusaga lenzi ya namba kumi na tatu. Jumatatu asubuhi alisimama mbele ya meza ya Lanyero na karatasi ambayo daktari wa hospitali ya misheni kule Kisinga alimwandikia baba yake.

"Kumi na tatu!" Lanyero akapiga mluzi. "Hii si lenzi, kuruta. Hii ni mlima. Kioo nene ya hivyo iko moja tu hapa." Akafungua sanduku la risasi ambamo sasa aliweka vioo, akatoa kipande cha duara, kinene, cha kijani kwa mbali ukikitazama ubavuni. "Moja. Ukivunja, ingine inakuja na meli, na meli haina haraka. Umesikia?"

"Nimesikia, afande."

"Sikusikii!"

"Nimesikia, afande!"

"Sawa. Mikono!"

Kellen akanyoosha mikono. Kila asubuhi ilikuwa hivyo, gwaride la kucha. Lanyero alimkagua kidole kimoja kimoja kama anayetafuta chawa.

Watu wengi hudhani lenzi humiminwa kwenye kalibu kama keki. Ziko zinazofanywa hivyo. Lakini lenzi ya Lanyero ilizaliwa kwa ubishi. Unachukua kioo, unakigandisha kwenye mpini kwa lami ya moto, unakiweka juu ya bakuli la chuma lililochongwa mbonyeo unaoutaka, katikati unatia unga wa kusagia na maji, halafu unakanyaga huku mkono ukikipeleka kioo mbele, nyuma, pembeni, mbele. Chuma kinabisha, kioo kinabisha. Saa nyingi baadaye kioo kimekubali: kimeota kitumbo kinacholingana na bakuli.

Unga ni wa aina tatu. Wa kwanza ni kama chumvi ya mawe, unakula kioo kwa pupa. Wa pili ni kama unga wa mahindi. Wa tatu ni laini kama poda ya mtoto. Na kila ukihama unga mmoja kwenda mwingine, unaosha: meza, bakuli, mikono, kucha, hadi kitambaa cha kichwani unabadilisha. Kulikuwa na aproni tatu ukutani, ya buluu, ya kijani na nyeupe, na ole wake aliyeonekana na ya buluu, ya unga wa kwanza, karibu na bakuli la unga wa tatu. Punje moja ya unga wa kwanza ikiingia kwenye wa tatu ni sawa na jiwe kwenye wali, tofauti ni kwamba hapa linalovunjika si jino lako.

Jumatatu Kellen alimaliza unga wa kwanza. Jumanne akamaliza wa pili na wa tatu. Kioo kikawa na umbo lake, lakini bado hakionyeshi kitu, cheupe kama jicho la samaki aliyechemshwa. Lanyero akakipima unene katikati, kisha ukingoni, akashusha pumzi.

"Ukingo umebaki kama kadi ya simu. Inatosha. Lakini haina akiba, kuruta. Kesho kung'arisha tu. Hakuna kurudi nyuma."

Jumatano ilikuwa ya kung'arisha. Hapa bakuli hupakwa lami ya pili, utomvu wa msonobari uliochanganywa na nta ya nyuki, ukaachwa ugande, ukachorwa mifereji. Kwa kidole unauona mgumu, lakini ukiuacha unatiririka polepole kuliko asali, na ndiyo maana unakishika kioo bila kukikwaruza. Unga wake una rangi ya waridi hafifu. Kuanzia saa mbili Kellen alikanyaga, mkono unakwenda na kurudi, na kuelekea saa tano ule weupe ukaanza kufunguka katikati kama ukungu unavyoondoka mlimani asubuhi. Akaona mistari ya kiganja chake upande wa pili.

Lanyero akaweka juu yake kioo chake cha kipimo, kioo ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, akawasha taa ya manjano. Kati ya vioo viwili ikatokea miduara iliyobonyea, mmoja ndani ya mwingine, kama mafuta yanavyofanya juu ya dimbwi la barabarani.

"Imepinda hii," Kellen alisema.

"Haijapinda. Iko na joto ya mkono yako. Acha kioo ikunywe chai." Ndivyo alivyosema kila mara. Kioo kilichotoka mkononi kimevimba kidogo, mtu mwenye haraka hukipima kikiwa moto na kukisaga mahali ambapo hapakuwa na kosa. "Dakika ishirini. Mimi naenda posta. Ukirudi kwa lami, usiache ikauke. Ikikauka inashika kioo kama mkwe anashika mahari."

Akatoka. Kellen akanywa chai yake, kioo kikanywa yake. Dakika ishirini zilipokwisha akaosha mikono hadi viwiko, akavaa aproni nyeupe, akalowesha lami, akaweka kioo, akakanyaga. Ndipo mlango ukafunguka.

Alikuwa Mzee Turyahikayo, baba mkwe wake, aliyesimamia wapakuaji wa malori ya saruji. Alikuwa akipita, akaona si vizuri kumpita mkamwana bila kumjulia hali. Alikuja na kofia yake, na tabasamu lake, na mkono wake wa kulia ulionyooshwa, ule wa kushoto ukiushika kwenye kiwiko, kwa heshima zote.

"Mama Ayebare! Agandi? Hujambo?"

Kellen aliutazama ule mkono. Kila mstari wa kiganja ulikuwa umejaa vumbi la kijivu. Ilimchukua muda mfupi sana kufikiri, na alifikiri vibaya. Mzee huyu ndiye aliyewahi kusema mbele ya watu kwamba mke wa mwanawe, tangu aanze kutengeneza macho ya watu, hamwoni mtu. Alisema kwa mzaha, lakini mzaha wa mkwe haufutiki. Kellen akasimama, akapiga goti kidogo, akampa mkono. Mzee akautikisa, akaushika, akauliza habari za watoto, za mume, za Bwera, za mvua, na mkono bado uko kwake. Ndivyo mtu anavyosalimiwa.

Kisha akaketi kwenye stuli. "Endelea, endelea. Nataka kuona hii kazi ya kusugua kioo hadi inaona."

Bomba la maji lilikuwa hatua mbili kutoka pale. Lakini jamani, kumpa mkono baba mkwe, halafu mbele ya macho yake ukimbilie sabuni! Ni sawa na kumwambia, baba, wewe ni uchafu. Na lami ilikuwa inaanza kukauka. Kellen akajifuta kwenye aproni, akaketi, akakanyaga.

Mara ya tatu kioo kilipopita juu ya bakuli, alisikia. Haikuwa sauti kubwa, ni mkwaruzo tu, kama panya anayetafuna karatasi chumba cha pili. Miguu ikasimama yenyewe.

"Kumbe inafika mwisho haraka hivi," alisema Mzee Turyahikayo kwa furaha. Akaaga, akatoa mkono tena, akaenda zake.

Kellen alikisuuza kioo, akakiinua dirishani. Kutoka ukingoni hadi katikati ulipita mchirizi mmoja, mwembamba, uliopinda vizuri kama mundu. Nyuma yake mitatu midogo. Alikaa chini sakafuni, na kwa kuwa hakuna aliyemwona, alilia kidogo, kisha akaosha uso, maana chozi nalo lina chumvi.

Lanyero aliporudi alimkuta amesimama wima kama kuruta mwenye hatia.

"Sema."

Kellen akasema yote: mkono, stuli, bomba, aproni. Alitegemea ngurumo. Lanyero alikiinua kioo kwenye mwanga, akakigeuza, kisha akavuta stuli ileile akaketi.

"Mimi jeshini nilifuta lenzi ya kanali na shati yangu," alisema. "Shati ilikuwa na mchanga. Kanali akaangalia adui, akaona adui kumi na moja, kumbe iko mmoja na mikwaruzo kumi. Nililala ndani siku saba." Alicheka, akaacha kucheka. "Huu mkwaruzo ni ndefu kwenda chini. Kuutoa, lazima urudi kwa unga ya pili. Ukirudi, ukingo inakuwa wembe. Wembe haisagiki, inamomonyoka. Kioo imekufa, kuruta. Pole."

"Meli inachukua muda gani?"

"Miezi tatu. Ikiwa na furaha."

Ijumaa ilikuwa kesho kutwa. Kellen alikaa kwenye meza, akaweka miguu kwenye pedeli na kukanyaga bure, bakuli likizunguka bila kitu, kama alivyofanya utotoni baba yake alipokuwa amekwenda kula. Pale chini ya cherehani ndipo alipojifunza mengi. Aliwahi kuona, akiwa darasa la nne, baba akichoma kwa pasi pindo la gauni la msindikizaji wa bibi harusi, jioni kabla ya arusi, na kitambaa kimekwisha. Mama alishika kichwa. Baba alilitandika gauni mezani, akalitazama kama dakika tano, akachukua mkasi akalikata magotini. Kisha akayakata na mengine matano. Asubuhi akamwambia bibi harusi, bila kupepesa jicho lake moja, kwamba Kampala ndiyo wanavyovaa siku hizi. Mwaka uliofuata Bwera nzima ilitaka magauni ya magotini.

Miguu ya Kellen ikasimama.

"Afande. Tukate pindo."

"Pindo ya nini?"

"La kioo. Wembamba uko ukingoni tu. Katikati ni nene kama mkate. Tukisaga huu mkwaruzo utoke, halafu ule ukingo mbovu tuuondoe kwenye jiwe, lenzi inakuwa ndogo. Ndogo, lakini nzima. Namba haibadiliki."

Lanyero alimtazama. Akachukua chaki, akachora juu ya meza upinde wa kioo, akaweka alama hapa, alama pale, akapima kwa rula, akafuta kwa kiganja, akachora tena.

"Itabaki kama kifuniko ya chupa kubwa," alisema mwishowe. "Mzee yako ataona kama mtu anachungulia kwa bomba."

"Anachungulia tundu la sindano, afande. Hachungulii mlima Rwenzori."

Kicheko cha Lanyero kilimtoa mwenye duka la misumari kuja kuuliza kuna nini. "Hakuna kitu!" alimfokea. "Rudi kwa misumari yako! Kuruta, aproni ya kijani. Mikono!"

Wakaosha kila kitu, hata taa, hata stuli ya Mzee Turyahikayo. Jumatano yote iliyobaki Kellen alikanyaga kwa unga wa pili, hadi ile michirizi ikamezwa na weupe. Ukingo uligeuka wembe kama ilivyotabiriwa, ukaanza kudondoka vipande vidogo. Lanyero akautia kwenye jiwe la kunolea linalotiririka maji, akauzungusha na kuuzungusha, kioo kikipungua huku Kellen amefumba macho. Kilipotoka pale kilikuwa duara dogo, ukingo wake sasa mnene kuliko shilingi. Alhamisi asubuhi unga wa tatu. Kuosha. Aproni nyeupe. Lami.

Saa sita, lenzi ikiwa imebakiza mizunguko yake ya mwisho, mlango ukafunguka.

"Mama Ayebare!" Mzee Turyahikayo alikuwa na mkungu wa ndizi begani. "Jana niliona umekonda." Akautua, akanyoosha mkono, ule wa kushoto kwenye kiwiko.

Safari hii Kellen alisimama, akapiga goti hadi chini kabisa, akakunja ngumi na kumtolea kifundo cha mkono, kama afanyavyo mtu aliyekutwa anakula, au anachimba, au anakamua ng'ombe.

"Nisamehe, baba. Mikono yangu ni michafu."

Mzee alikishika kifundo, akakitikisa. Kisha akaitazama ile mikono. Ilikuwa imesuguliwa hadi vidole vimekunjamana, kucha nyeupe kama maganda ya yai. Hakukuwa na mikono safi kuliko hiyo katika wilaya nzima. Akageuza viganja vyake mwenyewe, akavisoma pole pole, kama barua. Akatazama stuli, akatazama bomba.

"Jana," alisema, "nilikuharibia?"

"Hapana, baba. Ni kioo tu kilikuwa na maneno mengi."

Mzee akakohoa. Hakuketi. Alitoka nje, akasimama dirishani, akakunja mikono nyuma, akatazama kazi akiwa huko. Na alipokuja mteja kutaka kuingia, Kellen alimsikia akimzuia: "Wewe, simama hapo! Umenawa?"

Lanyero, kwenye kona yake, alijifunika mdomo kwa kitambaa.

Lenzi ikanywa chai dakika ishirini, halafu ishirini nyingine, kwa sababu Kellen aliogopa kuitazama. Chini ya taa ya manjano miduara ikatokea: mitatu, iliyotulia, duara kabisa. Kwenye chombo cha kusomea namba ya lenzi, Lanyero alifumba jicho moja, akazungusha gurudumu, akasimama.

"Kumi na tatu," alisema. "Kumi na tatu kamili, fundi."

Hakusema kuruta. Kellen alijifanya hajasikia, ili aisikie tena kichwani peke yake.

Kwenye sanduku la fremu kuukuu walipata moja ya duara, ndogo. Upande wa kushoto wakaweka kioo cha kawaida, maana jicho la huko halikuwa na haja.

Ijumaa alfajiri Kellen alipanda gari hadi Kikorongo, akangoja pale njia panda gari la kwenda mpakani. Alikataa mara sita kuuziwa samaki, kopo lenye miwani akiwa amelishika kwa mikono yote miwili. Alipofika Bwera, cherehani ilishatolewa nje. Ilikuwa imesimama kivulini, nyeusi, imefutwa vumbi kama maiti iliyoandaliwa kuzikwa. Kataliko alikuwa analijaribu gurudumu. Niwagaba alikuwa amevaa koti lake la soko. Baba alikuwa ameketi kwenye benchi, amewapa wote mgongo.

"Dada, umechelewa," Niwagaba alisema kwa sauti ndogo. "Usimpe mzee matumaini ya bure."

"Masini iko muzuri sana," Kataliko alisema. "Lakini baba iko na kasirani. Hakuna mutu ananiambia nini iko."

Kellen alimzunguka baba yake, akachuchumaa, akafungua kopo. "Baba. Nimekuletea jicho. Ila ni dogo. Nilikata pindo."

"Ulichoma?"

"Nilichoma."

Yowasi akaipapasa ile miwani kwa kidole chenye plasta, ukingo hadi ukingo, kama apimaye kola. Akaivaa. Akakigeuza kichwa kizima kushoto, kisha kizima kulia, kama kuku anayesikiliza. Halafu akamtazama binti yake, karibu sana, kwa muda mrefu.

"Kellen," alisema, "una mvi."

"Moja tu, baba."

"Tatu." Akasimama. "Leta sindano."

Yowasi alikaa kwenye cherehani yake, Kataliko akasogea pembeni bila kuambiwa. Fundi akalowesha uzi mdomoni, akaupeleka. Ukapita nje ya tundu kwa upana wa kidole. "Mmeileta karibu mno hii sindano," alinung'unika. Akajaribu tena. Ukagonga chuma, ukapinda. Niwagaba akatazama chini. Mara ya tatu Yowasi aliinamisha kichwa, akakitafuta kile kidirisha chake kidogo mpaka sindano ikasimama katikati, nene kama nguzo ya simu, na tundu lake wazi kama mlango wa kanisa. Uzi ukaingia.

"Yesu na Maria!" Kataliko alipiga makofi. "Sasa mimi nachukua nini?"

"Wewe utachukua suruali," alisema Yowasi. "Hiyo uliyovaa ilikatwa na adui yako. Kesho kutwa uje nikupime. Kellen, nenda kwa yule wa besi, mwambie alete lile joho, na asiniambie ni zuri."

Miguu ikaanza kwenda. Gurudumu likazunguka taratibu bila kushtuka. Yowasi alishona kipande cha kitambaa cha kujaribia, akakiinua kwenye mwanga, mstari umenyooka. Kisha kichwa kizima kikageuka, miwani midogo ya duara ikamtua Niwagaba kifuani, ikapanda begani, ikashuka hadi mfukoni, ikarudi begani.

"Wewe. Nani alikushonea takataka hii?"

Niwagaba akajishika bega. "Ni wewe, baba. Mwezi wa pili."

"Vua."

Niwagaba akavua.